Tochi ya Mzee Hatua

Ukitaka kujua mtu ana subira kiasi gani, mtume dukani akanunue tochi. Mnunuzi wa kawaida huibonyeza, akaona imewaka, akalipa, akaenda zake, na wiki ya pili tochi imekufa naye anawalaani waliotengeneza. Mwanamke mmoja, fundi mapazia, hakuwa mnunuzi wa aina hiyo. Asubuhi ile alikuwa ameshakataa tochi sita, na mwenye duka, mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifaa, alikuwa ameanza kumtazama kama anavyotazamwa mgeni anayeonja kila sufuria na hali chakula.

"Haya, ya saba hii," akasema Mama Vifaa, akaiweka juu ya kaunta. "Hii ukiiwasha shetani mwenyewe anaomba radhi."

Fundi mapazia akaiwasha, akaielekeza chini, akatikisa kichwa.

"Mwanga ni mweupe mno. Ukimulika sana hivi, ukija kuzima huoni hata mkono wako. Unabaki kipofu dakika tano nzima, na msituni dakika tano ni nyingi."

Mama Vifaa akavua miwani yake, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena. Alikuwa ameuza tochi miaka mingi, wala hakuna mteja aliyewahi kumwambia kwamba mwanga umezidi.

"Nani kakufundisha hayo?"

"Baba. Alikuwa bwana misitu. Hii ni zawadi yake."

"Sasa si ungekuja naye achague mwenyewe? Mwenye kichwa ndiye ajuaye kofia."

Lilikuwa swali la haki kabisa. Fundi mapazia akaishika ile tochi ya saba, akaitikisa karibu na sikio. Ndani mlikuwa na kitu kinachocheza. Akairudisha kwenye boksi lake taratibu, akasema hapana, na Mama Vifaa akaguna, akageukia rafu.

Kuja naye ndilo jambo lisilowezekana, na sababu yake ilikuwa aibu tupu.

Baba yake alijulikana kwa jina la Mzee Hatua. Walinzi wa msitu waliokuwa chini yake ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa alipima dunia yote kwa miguu yake. Kutoka mlangoni kwake hadi kisimani hatua mia moja na kumi na mbili. Kutoka kisimani hadi lango la msitu hatua elfu mbili na mia nne, ukiwa huna mzigo. Alifanya kazi miaka thelathini na moja, akastaafu, wakamwandikia barua nzuri yenye muhuri, naye akaikunja akaiweka kabatini na kesho yake alfajiri akatoka kama kawaida. Alistaafu kwenye karatasi tu. Aliondoka kabla jogoo hajawika, tochi mkononi, akapanda mlima kuwatazama ndege wake na misonobari yake, akarudi giza likiingia. Mkewe alipokuwa hai aliwaambia watu kwamba ana mke mwenza na mke mwenza huyo ana miti kichwani.

Miezi mitano kabla ya siku hii ya dukani, Mzee Hatua alikanyaga mzizi uliolowa, akateleza, akateguka kifundo cha mguu. Akajikokota mpaka mlinzi mmoja akamkuta. Watoto wake watatu wakakutana haraka. Fundi mapazia ndiye mkubwa. Wa pili ni wa kiume, mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno ya kejeli. Kitinda mimba, msichana aliyebaki nyumbani na baba, alikaa akilia tu.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," mwalimu alisema. "Sasa mkuu mwenyewe akivunjika guu, tumpeleke kwa nani?"

Walimsihi apumzike. Mzee akawasikiliza kwa adabu, akasema mguu utapona, na kwamba msitu haujamkosea kitu. Baada ya siku tisa wakamwona anajaribu kuvaa buti. Hapo ndipo fundi mapazia, na wazo lilikuwa lake, wala hakumsingizia mtu, akasema dawa ni moja: tochi. Bila tochi hawezi kutoka alfajiri, na asipotoka alfajiri hatoki kabisa, kwa maana mtu anayeingia msituni jua limeshachomoza mzee alimwita mtalii. Wamfichie mwezi mmoja mguu upone, kisha wamrudishie kwa kicheko. Siku hiyohiyo, mzee alipokuwa anaoga, akaitoa tochi kwenye msumari wake karibu na mlango, akaitia kwenye mkoba chini ya vipimo vya mapazia, na alipofika kwenye kibanda chake cha kushonea akaisukuma chini kabisa ya gunia la vipande vya vitambaa.

Walichotarajia ni mzee kununa kidogo, kugombana kidogo, na kulala. Walichosahau ni sheria.

Ilikuwa sheria yake mwenyewe, na kila mlinzi aliyewahi kufanya kazi chini yake aliijua kuliko jina la mkewe: mtu asiyejua tochi yake iko wapi anakaa nyumbani siku saba. Hakuna cha ilikuwa hapa sasa hivi, hakuna cha labda watoto. Mzee alisema mtu aliyepotewa na tochi atapotewa na njia, na aliyepotewa na njia atatafutwa na wenzake, na wenzake nao wana watoto. Katika miaka yote ile waliokaa nyumbani kwa kosa hilo walikuwa wanne. Mmoja alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na alilia.

Mzee Hatua aliitafuta tochi yake siku tatu. Alihamisha kabati, alikung'uta magodoro, alishuka kisimani akachungulia. Siku ya nne akaacha kutafuta, akajifungia nyumbani siku saba kwa sheria ile. Watoto wakaona wamefaulu, na mwalimu akacheka. Siku saba zikaisha, mwezi ukaisha, mguu ukapona kabisa, na mzee hakuinuka. Fundi mapazia alipotaka kuirudisha akamkuta amewagawia walinzi wapya jozi zake mbili za buti, akaogopa, akaahirisha. Kuahirisha nako kuna utamu wake. Wiki moja inaita nyingine.

Kisha Jumapili iliyopita alikwenda kumsalimia, akaona kwenye kabati la jikoni karatasi zimebandikwa kwa gundi, kwa mwandiko wa baba yake ulionyooka kama mpaka wa shamba: sukari, chumvi, majani ya chai. Kwenye droo: visu. Akauliza hizi za nini, na mzee akamjibu bila kumtazama.

"Babu yako alianzia kwenye jembe, mama. Alipotewa na jembe. Halafu njia ya shambani. Halafu sisi."

Fundi mapazia alirudi kwake na roho mkononi. Kwenye kibanda akapindua gunia lote sakafuni, akaitoa tochi. Kitambaa kilichoizunguka kilikuwa na madoa ya kijani. Betri zilikuwa zimevuja. Maji yake makali yalikuwa yamekula springi na shaba yote ya ndani, na kifuniko kilichofunguliwa kwa koleo hakikufunga tena. Akampigia simu mdogo wake mwalimu, na mwalimu, ambaye sasa hakuwa na kejeli hata moja, akasema labda waiweke tu chini ya kitanda aikute. Akamjibu kwamba chini ya kitanda mzee ameshafagia mara kumi. Akiikuta pale, tena imeoza, si ndio atajihakikishia kwamba amekwisha?

Ndiyo maana alikuwa kwa Mama Vifaa. Hesabu zake zilikuwa hizi: anunue tochi nzuri kuliko zote, ya kumtia mtu hamu ya kutoka usiku wa mvua, ampe mzee, mzee aishike, mikono ikumbuke, ainuke arudi mlimani. Na lile neno gumu lisisemwe kabisa. Mkono mtupu haulambwi, alijiambia, na wake haukuwa mtupu.

"Niulize kitu," akasema Mama Vifaa, akishusha boksi kutoka rafu ya juu. "Hii zawadi ni ya hongera au ya msamaha? Maana wanaokuja kununua za msamaha nawajua. Wanachagua mpaka kaunta inachubuka."

"Ni zawadi tu."

"Sawa," akasema Mama Vifaa, kwa sauti ya mtu ambaye hakuamini wala hakuudhika. "Hii sasa huwa siitoi kwa kila mtu. Twende ghalani ukaijaribu."

Ghala lilikuwa nyuma, limetengwa kwa pazia lililoshonwa vibaya, pindo limepanda upande mmoja. Fundi mapazia aliliona, akanyamaza, kila mtu na ufundi wake. Ndani hamkuwa na dirisha. Mama Vifaa akalishusha pazia nyuma yao, giza likawafunika, na harufu ya mpira mpya na mafuta ya mashine ikampanda puani.

Akaiwasha. Mwanga ukatoka wa manjano kidogo, tulivu, katikati umekaza na pembeni umelainika, ukafika ukutani bila kutetemeka. Fundi mapazia akausogeza chini mpaka kwenye vidole vya miguu yake mwenyewe, kisha mbele polepole. Hakufanya hivyo kwa kufikiri. Mkono wake ulikwenda wenyewe, kama ulivyofundishwa.

Miguu kwanza, njia baadaye. Alikuwa na miaka tisa. Jumamosi jioni baba yake alimchukua kwenda kukagua barabara ya moto, ule ukanda mtupu uliolimwa kuzunguka msitu ili moto usivuke. Baba alihesabu hatua kwa sauti ya chini na yeye alishika tochi, na kazi ya kushika tochi ilikuwa na sheria kuliko shule. Usimmulike mtu usoni. Usimulike mnyama machoni kwa muda mrefu, naye ana haya. Miguu kwanza, njia baadaye. Ukisikia kitu, zima, usikilize, ndipo uwashe. Koti la baba lilinuka moshi na utomvu wa msonobari, na alipochoka alilishika pindo lake na kutembea amefumba macho, kwa maana palipo na baba hapakuwa na shimo.

Na betri. Siku zile betri zikichoka hazikutupwa. Baba alizitoa, akampa yeye azipange juu ya bati zipigwe na jua, mbili mbili, na jioni zilikuwa zimepata nguvu ya siku nyingine mbili. Mama aligomba kila wiki kwamba paa lake limegeuzwa gulio la betri, na siku moja mgeni aliuliza kwa upole kama hizo ni dawa za kuzuia radi. Baba akamjibu ndiyo, na mgeni akaenda kuzipanga juu ya paa lake pia. Walicheka mpaka mama akamwaga chai. Nyumba ile ilikuwa na vyumba viwili na ilikuwa pana kuliko nyumba yoyote aliyoishi baadaye.

"Unaionaje?" akasema Mama Vifaa gizani.

"Naitazama."

"Kitufe chake jaribu na mkono uliolowa. Na kifuniko kifungue uone hesi zake, hii mikato ya kuzungushia. Wapo wanaoweka bati la kopo wakapaka rangi. Hii ni chuma cha kweli, na hapa shingoni ina mpira wa kuzuia maji. Betri zake ni zile za kawaida, unazipata hata kwa muuza nyanya. Hizi za kuchaji nzuri, lakini umeme ukikatika wiki mbili utaichaji kwa jua la nani?"

Fundi mapazia akafungua kifuniko, akazungusha, akafunga, akafungua tena. Hesi zilikamata laini, bila mchanga. Akabonyeza kitufe, na kilikuwa kigumu kiasi cha kutojiwasha chenyewe mfukoni, laini kiasi cha kidole cha mzee. Akaipima kiganjani. Ilikuwa na uzito wa kitu ambacho mtu atakumbuka amekiweka wapi. Wazo hilo likamchoma, akalifukuza.

"Naichukua," akasema.

Mama Vifaa akaifunga kwa karatasi, akatia na betri nne za ziada. Bei ilikuwa ya kumtoa mtu jasho, na fundi mapazia akalipa bila kuomba punguzo. Mama Vifaa akazipokea fedha akiwa anamtazama juu ya miwani.

"Ya msamaha," akasema, akafungua droo.

Jumapili iliyofuata, alasiri, fundi mapazia alimkuta baba yake barazani. Zamani kiti chake kilitazama mlima. Sasa alikuwa amekigeuza, anatazama ukuta wa nyumba, ametulia kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Alikuwa amenyoa, shati limepigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa. Kitinda mimba alikuwa amekwenda kwa rafiki yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umekuja peke yako?"

"Peke yangu. Nimekuletea kitu."

Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akaikata karatasi kwa kisu chake kidogo, akaikunja kwanza na kuiweka pembeni kabla ya kufungua boksi. Kisha mikono ikaanza kazi yake. Akaipima kiganjani. Akafungua kifuniko, akanusa mpira, akapitisha ukucha kwenye hesi. Akatia betri, akafunika kioo kwa kiganja, akawasha, na nyama ya vidole vyake ikawa nyekundu.

"Si mweupe," akasema.

"Si mweupe, baba."

"Kitufe kizuri. Nani kakuchagulia?"

"Nimechagua mwenyewe. Nimekataa saba."

"Umechagua vizuri sana." Akamtazama, na kwa muda ule alikuwa baba wa zamani kabisa, mabega juu, jicho linapima. Fundi mapazia akafurahi, furaha ya kijinga ya mtoto aliyepata vyote kwenye mtihani, akaona kumbe imewezekana, kumbe neno gumu halina lazima.

Mzee akazima. Akatoa betri moja moja. Akairudisha tochi kwenye boksi, betri pembeni yake, karatasi juu, akalisukuma boksi mezani kwa upole.

"Mpe mdogo wako mwalimu. Yeye anaendesha pikipiki, itamfaa."

"Baba, ni yako."

"Mimi ni mtu wa kupoteza tochi."

"Labda iliibwa."

"Mwizi aache redio, aache na baiskeli, abebe tochi ya miaka ishirini?" Akatabasamu kidogo. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha bintiye. "Sikiliza, mama. Wewe ndiye mkubwa, kwa hiyo nakwambia wewe. Baba yangu alipoanza kusahau, sisi tulimfichaficha. Akipoteza kitu tunamwambia kipo kwa fundi. Akiuliza mama yake yuko wapi tunamwambia kaenda sokoni, na alikufa zamani. Tulidhani tunamhurumia. Siku moja akanishika mkono akaniambia, ninyi mnanizungushia ukuta. Sijasahau hilo mpaka leo, na nitalisahau la mwisho. Sasa naomba kitu kimoja tu. Yakinifika mimi, msinifiche. Neno lolote, hata likiwa baya, niambieni kama lilivyo. Niahidi."

Akanyoosha mkono. Fundi mapazia aliutazama mkono ule, na sugu zake, na kidole kilichopinda tangu enzi za shoka. Angeushika angekuwa amemdanganya mara ya pili, na safari hii kwa kiapo. Asingeushika angekuwa amemnyima. Akapiga moyo konde.

"Baba, tochi niliichukua mimi."

Mzee hakushusha mkono.

"Niliichukua kwa ajili ya mguu wako. Ilikuwa iwe mwezi mmoja. Wadogo zangu walijua, lakini wazo ni langu na mkono ni wangu."

Kisha mzee akaanza kuuliza, kwa sauti ileile aliyoitumia zamani kumhoji mtu aliyekamatwa na magogo.

"Siku gani?"

"Jumatano. Ile uliyojaribu buti."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Bafuni, unaoga."

"Ilikuwa wapi?"

"Msumarini."

"Msumari gani?"

"Wake. Karibu na mlango."

"Niliitundika mwenyewe?"

"Uliitundika mwenyewe, baba. Kamba imezungushwa mara mbili, kama siku zote."

"Mara mbili," mzee akasema. Akaushusha mkono, akaushika kwa mkono mwingine, na machozi yakaanza kumtoka. Hakujificha. Fundi mapazia hakuwahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika mama, na alijua hayo si ya huzuni tu. Mtu huyu alikuwa amerudishiwa kichwa chake, na aliyemrudishia ndiye aliyekuwa amekiiba.

Alipomaliza akajifuta kwa kitambaa, akakikunja.

"Iko wapi?"

"Imeharibika. Betri zilivujia ndani. Sikuzitoa."

"Hukuzitoa." Hapo sasa hasira ikaja, ikampanda usoni. "Nilikufundisha hilo una miaka tisa. Kitu kisichotumika kinatolewa betri. Unanichukulia tochi, unanichukulia miezi mitano, na betri huzitoi?"

"Nisamehe, baba. Niadhibu kwa sheria yako."

"Sheria ipi? Aliyepotewa na tochi yake, siku saba. Aliyemfichia mwenzake sina adhabu yake. Miaka thelathini na moja halikutokea, kwa hiyo sikuliandika."

Akainuka, akaingia ndani. Fundi mapazia akasikia droo ikifunguliwa. Alidhani baba yake hatatoka tena, akaanza kuwaza namna ya kuondoka bila kuaga. Lakini mzee akatoka na daftari la shule, la mistari, jalada limechakaa pembeni, akamwekea mapajani.

"Soma. Kwa sauti."

Akasoma. Kila siku ilikuwa na mistari yake. Leo hatua za kisimani ni mia moja na kumi na mbili, nimehesabu mara mbili. Leo nilisahau jina la aliyekuwa karani wetu, nikalipata baada ya chai. Leo nimeota nimepotea, nikaamka najua niko wapi, nikashukuru. Akaendelea hivyo kurasa nyingi, sauti yake ikizidi kupungua, mpaka akafika kwenye ukurasa wenye kichwa kilichopigiwa mstari: Watoto.

"Wa kwanza ni binti," akasoma. "Ana kovu dogo kwenye nyusi ya kushoto. Alianguka korongoni akinishikia tochi, damu ikamtoka, tochi hakuiachia. Anashona mapazia. Siku nikimwita kwa jina la mtu mwingine..."

Akashindwa. Akagusa nyusi yake bila kujijua, kovu ambalo alikuwa ameshasahau lilikotoka.

"Endelea," akasema mzee.

"Siwezi, baba."

Mzee hakulichukua daftari. Akaweka mikono magotini, akatazama mbele, akaendelea yeye, pole pole, kama anavyohesabu hatua.

"Siku nikimwita kwa jina la mtu mwingine, asikasirike. Akae karibu anishike pindo la koti. Wa pili ni wa kiume, mwalimu, ana maneno makali na moyo mlaini, asiachwe peke yake siku ya mazishi yangu. Wa tatu ni kitinda mimba, analala taa ikiwaka, msimzimie. Mama yao alifariki Ijumaa, mvua ilikuwa inanyesha, alikuwa ananicheka." Akafika mstari wa mwisho wa ukurasa, akasimama hapohapo uliposimama. Fundi mapazia alikuwa amefuata kwa kidole. Hakuna neno lililopungua.

"Nimekariri ukurasa huo kila jioni, miezi mitano," akasema mzee. "Niliogopa utanitoka. Kumbe haukuwa unakwenda popote."

Fundi mapazia alilia, na baba yake akamwacha alie, hakumwambia nyamaza.

"Waite wadogo zako Jumamosi," akasema baadaye. "Waje wasome na wao. Mmoja mmoja, kwa sauti."

"Nitawaita." Akafuta uso kwa kiganja. Akalitazama boksi pale mezani, akaogopa kuuliza, akauliza. "Na tochi, baba?"

Mzee akalivuta boksi upande wake.

"Tochi nimeipokea. Kuwasamehe ninyi bado," akasema. "Haya, fungua ukurasa unaofuata."

Akaufungua, akaanza kusoma.